Fundi Kutoka Dar

Sadala alitaka dashibodi ikatwe. Tayari alikuwa amechora mstari wa chaki chini ya redio ya zamani, na msumeno wa chuma ulikuwa mkononi mwake Zuena alipoingia gereji asubuhi ile ya Jumatatu.

"Ukishakata hapo, basi," Zuena alisema. "Dashibodi ya gari hili huipati Korogwe wala Tanga."

"Mteja anataka muziki, dada Zuena. Mashine yake ya CD haiingii kwenye tundu la redio ya zamani. Nifanyeje?"

"Mteja amesema gari lake lisikatwe. Wewe ndiye uliyeniambia."

Sadala aliutazama mstari wake, akaufuta kwa kiganja. "Haya. Fanya unavyojua wewe. Lakini Alhamisi mchana anakuja kulichukua."

Gari lilikuwa Mustang ya mwaka 1967, ya bluu, usukani kushoto, boneti ndefu kama meza ya kulia watu wanane. Meneja mmoja wa shamba la mkonge upande wa Magoma aliliingiza nchini likiwa jipya. Yeye alipoondoka lilibaki bandani limefunikwa turubai, mameneja wakaja na kupita, hadi shamba lilipopata mwenyewe mpya mwaka 1997 na vitu vya bandani vikauzwa. Aliyelinunua alikuwa Kisemei, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mazingara, Handeni. Watu walimshangaa. Mtu wa ng'ombe hununua Land Rover. Yeye alisema tu kwamba aliwahi kuliona likipita barabarani akiwa kijana, na kwamba ule mlio wa injini hakuusahau.

Injini aliifufua Sadala, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Ilimchukua miezi saba. Ila muziki ulimshinda. Kisemei alikuwa amenunua Kariakoo mashine mpya ya CD, ile ambayo ukishuka garini unaivua uso na kuondoka nao mfukoni, pamoja na amplifaya na spika nne. Sadala alifungua boksi, akaona nyaya za rangi nane, akalifunga. Ndipo alipomkumbuka Zuena.

Zuena Mhina alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi ya Korogwe. Kazi hiyo aliijua tangu ujana: alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika kiwanda kimoja cha kuunganisha redio, Arusha, kwenye meza ya wanawake waliounga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha. Redio za nje zilipojaa madukani, kiwanda kikafungwa, na yeye akarudi kwao na pasi yake ya kuchomea, plaizi mbili na mazoea ya kutokuacha waya uning'inie. Sasa alitengeneza zile zile redio za nje zilizomwondoa kazini. Wengi waliomletea redio waliuliza kwanza mume wake yuko wapi.

Siku tatu alilala chali ndani ya gari lile, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje ya mlango. Redio ya zamani aliiacha mahali pake. Mashine mpya aliiweka ndani ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, juu ya fremu ndogo ya mninga aliyochongesha kwa seremala, hivi kwamba ukifunga kifuniko huoni kitu. Kutoka kwenye betri alivuta waya mnene mwekundu, na shubiri moja tu kutoka hapo akaweka fyuzi. Mahali waya ulipopita kwenye bati kuingia ndani aliuvisha mpira, chuma kisije kikaukwaruza. Kila ungio alilichomelea na kulivisha mfuko wake mwembamba wa plastiki. Halafu alifunga nyaya zote pamoja kwa uzi uliopakwa nta, kila vidole vinne fundo moja, kama walivyofundishwa kiwandani. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Kwa jinsi alivyofundishwa, kazi ambayo haikufungwa uzi ilikuwa bado haijaisha.

Alhamisi Kisemei alifika mapema, pamoja na mkewe, Nalotuesha. Wakati mume akisalimiana na Sadala getini, mke alilifuata gari moja kwa moja na kumkuta Zuena akikaza fundo la mwisho.

"Ni wewe unayetengeneza?" Nalotuesha aliuliza.

"Ni mimi."

Nalotuesha aliinama, akatazama chini ya dashibodi, akagusa zile nyaya zilizofungwa. "Umezisuka," alisema, na akaonekana kupendezwa.

Muziki ulipowashwa, gereji nzima ilisimama. Sauti ilitoka safi, nene, haikupasuka hata ilipopandishwa, na mtu alisikia kila kidole cha mpiga gitaa. Kisemei alilizunguka gari mara mbili. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, mwenye shuka begani na saa nzito mkononi, asiyesifu ovyo.

"Nani amefanya kazi hii?" akauliza.

Zuena alikuwa anafuta mikono. Alikwisha kufungua mdomo.

"Nilileta fundi kutoka Dar," Sadala alisema. "Mambo haya kayasomea Japani. Ameondoka na basi la asubuhi." Kisha akageuka. "Dada Zuena, hebu tuchukulie soda pale dukani. Mzee, wewe unakunywa nini?"

Nalotuesha alimtazama Zuena. Zuena akamtazama Nalotuesha. Kisha Zuena akaenda dukani.

Alirudi na chupa tatu, akazifungua, akazigawa. Ni njiani kwenda nyumbani ndipo akili ilipomfikia, akasimama katikati ya barabara hadi mwenye baiskeli akampigia kengele. Alimkasirikia Sadala, lakini zaidi aliikasirikia miguu yake mwenyewe, iliyompeleka dukani bila kumuuliza.

Kesho yake alimfuata.

"Fundi wa Dar ndiye nani?"

Sadala alicheka kama mtu anayefanyiwa utani. "Hiyo ni biashara, dada. Yule mzee wa Kimasai, nimwambie gari lake limefungwa na mwanamke wa kibandani? Angekubali? Nilikuwa nakulinda."

"Unanilinda na nini?"

"Kazi si nitakupa nyingine?"

Zuena aliondoka. Nusu ya kazi zake zilitoka kwenye gereji ile, na Sadala alilijua hilo vizuri.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, pikapu ilisimama mbele ya kibanda chake. Kisemei alishuka. Shuka lake lilikuwa na masizi, na hakungoja salamu.

"Wewe ndiye Zuena?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi."

"Ulikuwa unataka kutuua?"

Stendi ilikuwa imejaa watu. Wauza maandazi waligeuka, wapiga debe wakanyamaza. Kisemei alieleza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika upande wa pili wa zizi: jana, wakirudi kutoka Same, walipofika Mkumbara moshi ulitoka chini ya kiti, kisha moto. Mkewe alirukia nje gari likiwa halijasimama sawasawa. Waliuzima kwa mchanga na maji ya mwenye hoteli. Leo asubuhi alikwenda kwa Sadala, na Sadala amemwambia kwamba nyaya zile ziliungwa na mwanamke mmoja wa stendi, Zuena, na fundi wa Dar alikuja kumalizia tu.

Zuena alimsikiliza hadi mwisho.

"Alhamisi uliuliza nani amefanya," alisema. "Ukaambiwa fundi wa Dar, nami nikatumwa soda. Leo limeungua, nimepata jina."

"Mimi sijui hayo. Ninachojua gari langu limeungua."

"Mkeo yuko salama?"

"Yuko Mkumbara. Analilinda."

"Nisubiri nichukue mkoba," Zuena alisema. "Twende. Na nyie mliosikia nikiitwa muuaji, msiondoke. Nitarudi."

Walishika barabara ya Same hadi wakapita Mombo. Hapo Zuena ndipo alipoanza kusema, macho yakiwa mbele.

"Mzee, kabla sijaligusa gari lako, nikwambie utakachokikuta. Waya wangu ni mwekundu, mnene. Kutoka kwenye betri hadi kwenye amplifaya, chini ya kiti cha nyuma, una maungio mawili tu. Yote mawili yamevishwa mfuko mweusi. Nyaya zimefungwa kwa uzi wa nta, fundo kila vidole vinne. Penye bati pana mpira. Kitu chochote kisichokuwa hivyo si changu. Utaangalia mwenyewe. Mimi nitasimama mbali."

Kisemei alianza kuhesabu vidole vyake kwenye usukani.

Gari lilikuwa limesimama kando ya hoteli ndogo ya barabarani, mlango wa abiria umekuwa mweusi kwa moshi. Nalotuesha alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, mguu mmoja umefungwa kitambaa mahali alipochubuka. Zuena alimpa pole, akasimama hatua kumi kutoka kwenye gari, akakunja mikono.

Kisemei alifungua boneti, akainama. Akanyanyua zulia. Akapiga magoti kwenye vumbi na shuka lake lote, akaingiza mkono chini ya kiti. Alikaa humo muda mrefu. Watu wa hoteli walitoka kuangalia.

"Hapa pana waya mwingine," alisema mwishowe. "Mwembamba. Wa njano."

"Si wangu."

"Umesokotwa kwenye huu mwekundu. Umefungwa mfuko wa nailoni."

"Unakwenda wapi?"

Kisemei aliufuata kwa kidole. Waya wa njano ulipita kwenye tundu tupu lililotobolewa sakafuni, bila mpira, ukatokea chini ya gari kwenye taa mpya za kijani na zambarau za kung'arisha barabara, na kwenye honi ya sauti sita. Kwenye tundu lile bati lilikuwa limeumenya waya hadi shaba, na hapo ndipo palipokuwa peusi kuliko kwingine.

"Sasa njoo mbele," Zuena alisema. "Fungua kile kikopo cha fyuzi karibu na betri. Polepole."

Kisemei alikifungua. Ndani hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakti ya sigara, imekunjwa mara nne, nusu imeyeyuka.

"Fyuzi kazi yake ni kukatika," Zuena alisema. "Waya ukigusa bati inakatika, muziki unazimika, unasonya, unanitafuta. Haya ndiyo yangekupata. Mtu aliyeweka hiyo karatasi ndiye aliyewasha moto chini ya mkeo."

Kisemei aliigeuzageuza ile karatasi. Alionekana akitafuta namna ya kusema jambo ambalo hakulizoea.

"Taa hizi zilifungwa Jumamosi," alisema. "Tulipopita Korogwe kwenda Same. Sadala aliniambia ni zawadi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nakunywa chai."

"Na hukusema hivyo asubuhi uliponiita muuaji mbele ya watu."

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Ulifikiri ni mwanamke wa stendi."

Nalotuesha alisema neno moja kwa Kimasai, si kwa ukali. Kisha akaendelea kwa Kiswahili ili Zuena naye asikie. "Mimi nilimkuta akizifunga. Alhamisi. Nilimwona kwa macho yangu, na nilipokusikia ukiambiwa fundi wa Dar, nilinyamaza. Nilidhani ni mambo ya wanaume na gereji yao." Alimtazama Zuena. "Na mimi ninayo sehemu yangu."

Zuena aliinamia boneti, akaanza kulegeza nyaya za betri. Hasira yake ilikuwa imefika mahali ambapo hata maneno mazuri yalimuudhi, kwa sababu yalichelewa.

Waliondoa betri, wakalifunga gari kwa kamba nyuma ya pikapu, wakarudi Korogwe taratibu, Nalotuesha akishika usukani wa Mustang. Saa tisa alasiri waliingia gereji ya Sadala. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi, na baadhi ya watu wa stendi walikuwa wamefuata kwa miguu gari lilipopita stendi.

Sadala alitoka akifuta mikono. Alipomwona Zuena akishuka, tabasamu lake likakwama.

"Dada Zuena, mambo haya tuyazungumze ndani."

"Kwa nini ndani? Jina langu ulilitaja nje."

Kisemei aliweka ile karatasi ya sigara juu ya meza ya spana. "Hii ni ya nani?"

Sadala aliitazama. Angeweza kukana, na ilionekana alilifikiria hilo, lakini Kisemei alikuwa amesimama karibu sana. "Fyuzi ilikuwa inakatika kila tukiwasha taa," alisema. "Na wewe mzee ulikuwa na haraka. Niliweka hiyo kwa muda tu, ukirudi nitengeneze vizuri. Gari zuri namna ile, lipite bila taa?"

"Ulijua ni mimi niliyefunga mashine," Zuena alisema. "Ilipoimba ukampa mtu ambaye hajazaliwa. Ilipoungua ukanipa mimi. Nataka uwaambie hawa nani alifanya kazi ile."

"Dada Zuena alisaidia," Sadala aliwaambia wateja.

"Nilisaidia?"

"Sasa unataka nini, nikupigie magoti?"

"Nimesema ninachotaka."

Sadala aliokota spana, akaiangalia kama anasoma namba yake. "Muziki alifunga yeye," alisema. "Siku tatu. Peke yake. Taa nilifunga mimi." Kisha akaingia ndani, akaanza kugonga kitu kisichohitaji kugongwa.

Pole hakusema, si siku ile wala baadaye. Zuena alikuwa ameingoja pole hiyo bila kujua kwamba anaingoja, na alipoona haiji alijisikia mjinga kwa kuitaka.

Kisemei alilitoa gari kwenye gereji jioni ile ile na kumwomba Zuena alitengeneze. Alikubali kwa sharti moja: afanyie kazi mbele ya kibanda chake, kando ya stendi, na si uani kwa mtu. Siku nne gari lile refu la bluu lilisimama pale, na watu waliokuwa wakisubiri mabasi waliona miguu ya nani imetokeza mlangoni. Alibadilisha waya ulioungua, akaziba tundu la sakafuni, akang'oa taa na honi na kumkabidhi Kisemei ndani ya mfuko. Spika moja ilikuwa imeharibika kwa joto. Mashine yenyewe, pale kwenye fremu ya mninga, haikuguswa.

Jumamosi iliyofuata Kisemei alimchukua kwenda naye Handeni, mnadani, akitaka awepo njiani muziki ukileta matata. Haukuleta. Vumbi liliingia kila mahali, barabara ikawatikisa hadi meno, na sauti haikukatika hata mara moja. Walipofika, wanunuzi wa ng'ombe waliacha ng'ombe wakalizunguka gari. Kisemei alifungua kifuniko cha kile kisanduku, akawaonyesha mashine, akakifunga, akakifungua tena.

"Nani amekufungia?" aliuliza mmoja wao, mtu wa Mkata aliyekuwa na lori lake.

"Fundi wa Korogwe," Kisemei alisema.

Zuena alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti. Damu ilimpanda. Fundi wa Korogwe, fundi wa Dar, yote yale yale. Aliona Kisemei anamwona, na aliona kwamba mzee yule, ambaye asingeogopa dume la ng'ombe lililokata kamba, alikuwa anaogopa wanaume sita wasimcheke.

"Yupi? Sadala?" mwenye lori aliuliza.

"Ana jina," Nalotuesha alisema kutoka kiti cha mbele. Hakupaza sauti.

Kisemei alikohoa. "Anaitwa Zuena Mhina. Yule pale. Alifunga mara ya kwanza, mtu mwingine akaharibu, mimi nikamtukana yeye mbele ya stendi nzima. Kisha akafunga tena. Ukitaka kuuliza, muulize yeye."

Mmoja alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka naye, aliacha. Mwenye lori alizunguka boneti, akamwamkia Zuena, akamuuliza kama lori la volti ishirini na nne linaweza kufungwa mashine ya namna ile. Zuena alimjibu kwa kirefu.

Kazi ziliongezeka baada ya hapo, si kwa ghafla. Za Sadala zilikoma. Akipita mbele ya gereji ile Zuena hatazami, na dada yake akimwambia kwamba jambo lenyewe limepita, basi aliache, humjibu kuwa kwake halijapita. Kinachomuuma hata leo si moto. Ni zile soda tatu.

Mwezi uliopita dereva mmoja wa basi alisimama mbele ya kibanda na redio kwapani. Zuena alikuwa ameinamia kazi, pasi mkononi, moshi wa risasi ukimpanda usoni.

"Mama, fundi yuko wapi?" dereva aliuliza.

"Kaa hapo kwenye benchi," Zuena alimwambia. "Msubiri."

Dereva akakaa. Zuena alimaliza ungio alilokuwa nalo, akachomelea la pili na la tatu, akalivisha kila moja mfuko wake, akafunga uzi. Nusu saa ilipita, na yule dereva akazidi kuchungulia barabarani. Ndipo Zuena alipoiweka pasi chini na kumnyooshea mkono apewe redio.